Mvua ya Wati Mia Saba

Miezi kumi na minne nilikula mkate na jibini
nyuma ya kaunta ya famasi, Maabila,
nikiwahesabia watu vidonge
na kujihesabia riali.
Kadi ya michoro ilikuwa mia nne na kumi na tano.
Sajeevan wa Ruwi alishusha tano,
akanitilia na bisibisi, akasema:
"Dada, nzito hii kama mtoto njiti.
Ishike kwa mikono miwili."

Nikaishika hivyo, teksini, mapajani.

Kaka yangu Mundhir alicheka mpaka akakohoa.
"Raya, pesa yote hiyo si ungenunua dhahabu?"
Dhahabu haina feni tatu, nikamjibu.
Dhahabu haijui kuchora ukungu.

Alhamisi usiku nikafungua sanduku sakafuni.
Nikagusa chuma cha kitanda, umeme wa mwilini unitoke.
Prosesa nikaipaka dawa yake ya kijivu,
tone moja, kiasi cha punje ya dengu;
kumbukumbu mbili nikazikandamiza mpaka zikalia tak,
na nyaya nikazifunga kwa uzi wa mama wa kushonea kofia,
maana vibano vilikwisha
na saa hiyo duka gani lingefunguliwa?

Ikawaka saa nane.
Fremu tisini kwa sekunde, haisiti, haikwami.
Mji mzima usiku, na mvua,
na kila dimbwi limeshika taa yake.
Nilitumwa kumfukuza msaliti mmoja mwenye koti.
Nilimwacha aende zake.
Nilisimama njiani
nikitazama tone likiteleza kwenye kioo cha gari,
likikutana na jenziwe, likinenepa, likianguka.
Mashine yangu ya zamani
ilikuwa ikichora mvua kama mistari ya chaki.

Mama aliamka kusali, akasikia.
Mama kazaliwa Bukoba. Hata leo, hapa,
wingu likipita bure juu ya Sib
huanua nguo.

"Mvua hiyo inanyesha wapi?"
"Humu, mama. Kwenye gemu."
Akakaa ukingoni mwa kitanda na tasbihi yake.
"Na yule mwenye bunduki nani?"
"Mimi."
"Basi ishushe. Italowa."

Nikaishusha.
"Pita kule, kwenye mabati."
Kweli, kulikuwa na mabati; mimi sikuyaona.
Akasikiliza, kichwa upande.
"Sauti siyo. Ya kwetu ilianzia ziwani,
ikaja bati kwa bati, nyumba kwa nyumba,
unajua kabisa sasa iko kwa mama Koku."
Kisha, baada ya kitambo:
"Lakini maji yanavyoshuka mferejini, hapo hawakukosea."

Nje digrii thelathini na nane, saa tisa ya usiku.
Ndani, kadi imefika themanini na moja,
feni zinanguruma kama zinapanda mlima na mizigo,
viyoyozi vitatu, friji, pasi aliyoisahau Mundhir,
na swichi kubwa ya ukutani ikasema
pa.

Giza.
Tukasikia ukimya ukidondoka.
"Imekatika," mama akasema,
na sikujua anasema umeme au nini.

Nilikwenda kupapasa ukutani.
"Zima kiyoyozi cha chumbani kwangu," akaniambia.
"Utaungua, mama."
"Zima. Na hicho cha hapa."
Yeye, ambaye kila siku hugombana na Mundhir
kwa kumshushia baridi kutoka kumi na nane!

Ikawaka tena. Tukaanzia pale pale, kwenye mabati.
Jasho lilitutiririka mgongoni, likalowesha shuka,
na hakuna aliyeinuka.
"Kata kulia," alisema. "Usikimbie, barabara inateleza."

Adhana ilitukuta tuko sokoni,
sokoni kusiko na mtu, maturubai yakichuruzika.
Mundhir akafungua mlango, kifua wazi,
anauliza nani kazima baridi nyumba nzima,
akaona skrini, akanyamaza, akainua mguu aingie.

"Futa miguu," mama akamwambia.