Kilomita ya Thelathini na Nane

Mwezi wa nane hatuvui viatu usiku.
Mwanangu Chishala, mwenye miaka sita,
aliniuliza jana: na mbuzi je, watavaa nini?

Hapa ni barabara ya Kasenga, kilomita ya thelathini na nane
kutoka Lubumbashi, pale penye kichuguu
kirefu kuliko nyumba. Ukikipanda
unaona moshi wa watu wote:
ule mweupe, mwembamba, ni wa mama anayesonga bukari;
ule wa buluu, unaotambaa chini, ni tanuru la makala;
na ule wa manjano, mnene, usio na mwenyewe,
ndio unaotufanya tupande.

Giza likiingia mistari ya moto inang'aa kilimani
kama taa za mji. Wageni husema ni pazuri.
Kweli ni pazuri. Sisi tunahesabu.
Juzi ilikuwa mitatu. Leo mitano,
na mmoja umeshavuka kijito
ambacho kipwa hiki hakina maji,
kina jina tu.

Mwaka jana moto ulitoka kwenye tanuru la Ngosa.
Alikwenda mjini na baiskeli, magunia matatu juu yake,
akaacha tanuru likipumua chini ya udongo.
Upepo ukalifukua.
Ukala nyasi, ukala mihogo ya dada yangu Musonda,
ukala zizi, na mbuzi wanane
tuliokuwa tumewafunga wasipotee.
Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza:
tuliwafunga wenyewe. Kamba nzuri, mafundo mazuri.

Ngosa aliporudi alinikuta nimekaa chini.
Akatoa pesa za makala, zote,
na mfuko wa chumvi niliokuwa nimemwagiza.
Nilichukua chumvi.

Hatukusemezana mpaka mvua ikanyesha,
mpaka uyoga ukaota juu ya majivu,
mwingi kuliko miaka yote,
nikauuza barabarani kwa madereva wa malori,
nikanunua mbuzi wawili.
Sijui nimshukuru nani kwa hilo.
Nimeamua kutomshukuru mtu.

Mwaka huu tumelima mkanda, upana hatua kumi,
kuanzia kichuguu hadi kwenye mti wa masuku.
Jembe langu, fyekeo la Ngosa. Alikuja bila kuitwa,
akaanzia upande wa pili.
Siku nne tulisikia vyuma tu,
vikikaribiana.

Jioni ya leo upepo umegeuka.
Sauti inatangulia. Si mngurumo, kama wanavyosimulia;
ni kama mtu anayekunjua turubai kavu, mbali,
na halimaliziki.
Kisha panya, wanapita miguuni petu bila kutuogopa.
Kisha mwewe, juu, wanaowangoja panya.

Ngosa anasema: mkanda hautoshi.
Inabidi tuwashe wetu, ukakutane na ule.
Ananipa kiberiti.
Kwa nini mimi?
Hajibu. Anatazama mikono yake
kama vitu alivyoazimwa.

Musonda anapiga sufuria kuwaamsha wa ng'ambo ya barabara.
Chishala yuko juu ya kichuguu, amejifunika shuka lililoloweshwa,
mbuzi wawili pembeni yake.
Shingoni hawana kamba.

Njiti ya kwanza inavunjika.
Ya pili inashika.
Nyasi zinaipokea haraka mno, kama zilikuwa zinajua,
na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano
kuna moto ambao najua mwenyewe ni nani.

Unaondoka kwetu polepole, unamtafuta mwenzake.
Nataka kuurudisha. Ngosa anasema: simama tu.
Tumesimama juu ya udongo mtupu, yeye na mimi,
upana hatua kumi,
na joto limeanza kupanda kwenye soli za viatu.