Saa ya Kanisa

Huko Boyacá, milimani Kolombia,
Belarmino alipanda ngazi sitini na moja kila Jumamosi
kuitia ufunguo saa ya kanisa.
Mji mzima uliamka, ukaposa, ukazika kwa mkono wake.

Kisha Korea. Meli, wiki nzima za kutapika.
Theluji, aliyosema padri ni kama sukari,
haikuwa kama sukari.
Akajifunza kuhesabu: mmweko, moja, mbili, tatu,
ndipo kishindo.
Tibaduiza, wa kijiji jirani, aliishia kwenye mbili.

Alirudi na vidole saba vya miguu
na blanketi la jeshi. Mama akalikata, akashona sketi.
Majirani walitaka kujua kama kule watu hula viazi.
Hula, alisema.

Sasa ana miaka tisini na mbili.
Saa inaendeshwa na umeme, haikosei,
haimhitaji mtu.
Ila radi ikimulika juu ya mashamba
mjukuu humwona akikunja vidole chini ya ponjo:
moja, mbili,
hapo husita,
mguu hewani,
kama aliyeifikia ngazi ya sitini na mbili.