Sarafu ya Babu Aurèle

Odile ameipasua kwa msumeno mwembamba kama unywele,
sarafu ya dola ishirini, tai upande mmoja.
Vumbi la dhahabu limedondokea aproni yake ya ngozi;
hilo halipulizwi. Hupimwa.

Ndani ametia mtambo usiofika unene wa ukucha.

Miaka arubaini ilishonewa ndani ya godoro la babu,
nauli ya meli ya kwenda Amerika.
Kila Aprili theluji iliyeyuka milimani Jura
naye akasema: ng'ombe azae kwanza.
Ng'ombe akazaa. Akazaa tena.

Sasa hainunui hata mkate.

"Nikufungie mkanda?" Odile ananiuliza.
Nabonyeza ukingo, tai anafunuka kama kifuniko,
naiweka sikioni.

Babu, inakwenda.