Zamu ya Kadi ya Kijivu

Duluth. Theluji imefika kizingitini.
Marlys Engebretson anafungua kopo la biskuti,
anazitandaza kadi tano mezani.

Ya bluu hununua stempu, basi.
Ya kijani, mafuta ya gari, nusu tangi.
Ile ya kijivu, waliyoichukua pamoja na Orville,
hutolewa Machi na Septemba kununua pipi za mnanaa,
benki isije ikadhani wamekufa wote wawili.

Kila senti huandikwa kwa penseli,
kila deni hulipwa kabla halijaota meno.

Usiku mmoja wa Januari tanuri lilizimika.
Fundi akataja bei. Marlys akajumlisha vikomo vyote:
dola elfu arobaini na moja,
zimenona kama ng'ombe wa jirani.
Maziwa unayaona, kamba si yako.
Akalala na koti la Orville,
fundi akalipwa kwa akiba, kidogo kidogo,
hadi barafu ya ziwa ikapasuka.

Leo ni Machi. Kijana wa dukani anacheka:
"Kadi, kwa pipi za dola mbili?"

"Nimeitoa ipunge upepo,"
anasema, na kuirudisha mkobani
kabla haijazoea nje.