Kazi: Hana

Jumanne alikuja kijana wa takwimu,
Utaani, nyumba hadi nyumba, na kishikwambi kifuani.
Akauliza jina. Time binti Kombo Shaame.
Akauliza umri. Nikampa ule wa cheti,
mwengine ni wangu na aliyenizaa.
Akauliza kazi.
Nikamwambia, mwanangu, sina kazi,
nakaa tu barazani nashona kofia.

Akabonyeza: hana.

Sindano ilikuwa bado kidoleni.
Bafta imelala gotini, nyeupe kama tui la kwanza,
na juu yake mchoro wa Mwanaisha, jirani yangu wa ukuta,
asiyejua kushona hata kishikizo,
lakini akishika kalamu ya risasi
ua huja lenyewe, likapanda, likazunguka, likarudi shinani.
Yeye huchora. Salha wa kina Faki hutoboa.
Mimi hujaza uzi. Bi Raya, ambaye macho yamemwisha,
hufua, hutia wanga, huivisha sufuria ikauke na duara lake.
Kofia moja, wanawake wanne,
na hakuna hata mmoja wetu mwenye kazi.

Huko kukaa kwangu tu
kumelipa ada ya Riziki mpaka akamaliza ualimu,
kumeezeka bati chumba cha uani,
kumemzika Hamad kwa sanda isiyokopwa.
Nakaa tangu baada ya alfajiri mpaka adhuhuri,
halafu jiko, halafu nakaa tena
hata uzi na kitambaa na giza viwe rangi moja.
Siku ishirini na sita, kofia moja.

Bwana Nassor hupita mwisho wa mwezi.
Huigeuza ndani nje, kwani ushonaji wa kweli hauna ndani,
hukuna kidevu, hutaja thelathini.
Mimi hutaja hamsini, naye hucheka kama nimemtania.
Huishia thelathini na tano na mche wa sabuni.
Darajani, nasikia, hufika laki na nusu.
Ya Maskati sisemi, riali sizijui hesabu yake.
Simlaumu sana, nauli ya boti hulipa yeye.
Na siku hizi zimekuja za mashine, elfu sita, kontena zima,
viua vimelala chapa kama vilivyokandamizwa na pasi.
Mjukuu wangu kanunua moja.
Nimemsamehe, lakini siku ya Idi asiingie kwangu nayo.

Kijana akaomba maji.
Alipoinama kuweka kikombe
nikaiona kofia yake kwa juu,
na nyuma, karibu na mshono wa kichwa,
ua lenye vitobo vitano pahala pa sita.
Ndiyo siku walipoleta habari ya Hamad.
Mkono uliruka, na sikurudi kuufuata.

Nikamuuliza, hii umenunua wapi?
Akasema zawadi ya harusi,
mkwewe kamletea kutoka Unguja.
Basi imevuka ikarudi. Imetembea kunishinda.
Nikamwambia, hesabu hapo nyuma, ua la tatu.
Akaivua. Akahesabu, si ndiyo kazi yake.
Akatazama kofia, akatazama sindano,
akakitazama kishikwambi
kama mtu aliyesengenywa na rafiki.

Sasa niandike nini, Bi Time?
Humu mna mkulima, mvuvi, mwajiriwa, mfanyabiashara,
na chini kabisa mna nyengineyo.
Nikavuta uzi, nikaukata kwa meno.
Andika hiyo kofia.
Akasema haiingii.
Basi ivae uende nayo huko walikokutuma.
Ukifika, waambie wakubwa wavue zao,
waziweke zote mezani,
mhesabu kuanzia hapo.

Akabonyeza kitu. Sikuona nini.
Jua lilikuwa linaondoka barazani
na ua moja lilikuwa halijesha.