Mwanga wa Saa Tano

Hapa Tartu, Desemba, jua huchelewa kama fundi:
hufika saa tatu, likajificha nyuma ya wingu,
na saa tisa limekwisha funga mkoba wake.
Saa zangu za kazi ndizo hizo.

Picha ya kwanza niliipiga usiku, chini ya taa ya jikoni.
Hedifoni zilitoka za manjano kama mgonjwa wa ini,
waya umejisokota kama tambi zilizomwagika,
na pale flashi ilipopiga kikombe cha chuma
pakabaki tundu jeupe, jicho lililopofuka.
Leida wa ghorofa ya pili aliitazama kwa adabu.
"Hili ni chujio la chai?"

Nikaizima flashi. Sijaiwasha tena.
Nikasogeza meza hadi dirishani,
nikabandika kiooni karatasi ya kuokea mkate,
na mwanga ukaingia umevua viatu.

Nilipopiga nimesimama
zilionekana fupi, zimejikunyata,
kama zinasubiri kukemewa.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame:
nikapiga magoti juu ya zulia la marehemu mama mkwe,
lenzi ikawa sawa na mito ya masikio,
na utepe wa kichwani ukainuka
kama daraja linaloona mto kwa mara ya kwanza.

Kisha vumbi. Vumbi usiloliona wewe
lenzi hulihesabu punje kwa punje.
Nilipangusa kwa brashi ya rangi ya mjukuu,
nikapuliza, nikarusha mate, nikapangusa upya.
Na kwa kuwa mikono yangu hutetemeka
kamera niliilaza juu ya kamusi mbili na kopo la njegere,
nikaitegea sekunde mbili ijipige yenyewe.
Hata hivyo nilibana pumzi.

Lakini chuma king'aacho hakitunzi siri!
Ndani yake: dirisha, sufuria, gauni langu la kulalia.
Nilizigeuza kidogo, sufuria ikatoka, gauni likabaki.
Nilijifunika shuka jeusi lenye tundu la lenzi.
Nikaonekana mzimu anayepiga picha.

Taavet nikampa kazi ya sinia,
lile la bati la biskuti za tangawizi,
alishike upande wenye giza, arudishe mwanga.
"Juu kidogo. Hapana, kushoto kwako. Hapo. Usipumue."
Hedifoni ni zake. Alizinunua kwa mshahara wa miezi miwili,
kijana wa kiwanda cha redio, mwenye nywele,
na usiku alikuwa akinivisha mimi
ili nisikie, alivyosema, mpiga fidla akivuta pumzi
kabla ya kugusa uzi.
Nilisikia. Au nilisema nimesikia.
Tunaziuza kwa sababu sikio lake la kulia
limestaafu bila kuaga.

Picha ya arobaini na moja imekaa.
Mshono wa ngozi unahesabika,
herufi ya upande wa kulia imefifia kwa kidole gumba chake,
waya umelala mkunjo mmoja tu, mpole,
kivuli ni laini kama pembe ya mto wa kulalia.
Nikaikuza kutafuta kasoro,
na ndani ya kikombe, mdogo kama punje ya dengu,
nikamwona Taavet na sinia lake,
mabega yamechoka, hatazami kamera.
Anazitazama.

Mnunuzi atapata ya arobaini na mbili,
isiyo na mtu.

Saa tisa kasorobo, dirisha linageuka buluu.
Nimemwambia, "Basi, tumemaliza, weka chini."
Nilikuwa nimesimama kulia kwake.
Akaendelea kushika.