Turubai la Leparie

Nilikuwa nashona tundu la tano
nilipoona mshono ukipumua.

Mjusi. Urefu wa kidole changu cha kati,
rangi ya jiwe lililosahau mvua,
amejibana kwenye mkunjo wa turubai
lililofunika ngozi za mbuzi
kutoka Kulal hadi Nakuru,
siku mbili na pancha tatu.

"Huyo ni wa mlimani," Leparie akasema,
akipuliza chai. "Kule juu, jiwe
ukililalia usiku linakurudishia joto la mchana
kama deni. Mvua hatuihesabu kwa siku.
Twaihesabu kwa watoto:
huyu alizaliwa kabla, yule baada."

Nilimtazama mjusi. Naye alinitazama
bila kupepesa, maana hana kope.
Akatoa ulimi, akalamba jicho la kushoto,
kisha la kulia, taratibu,
kama fundi wa saa anayefuta kioo.

Hapa Bondeni tunamwita mjusi kafiri.
Jerotich wa jirani alishashika ndala.
Nikamwambia, ngoja. Kafiri wa nini?
Nani alimsomea akakataa?
Kwao hakuna adhana wala kengele,
kuna upepo tu,
nao haumbatizi mtu.

Nilipomgusa, mkia ulibaki vidoleni mwangu.
Ukacheza peke yake juu ya nta,
ukacheza, ukacheza, ukachoka.
Sikujua pa kuuweka.

Mchana mawingu yalishuka kutoka Menengai,
mabati yakaanza kupiga kelele.
Alikuwa ukutani, kando ya kalenda ya mwaka juzi.
Tone moja likapenya tundu la msumari,
likamwangukia mgongoni, likateleza hadi begani.
Hakukimbia. Alililamba kidogo kidogo
kama mtu aliyeletewa barua
asiyeamini kwamba jina lile ni lake.

Leparie alitaka kumrudisha ndani ya kiberiti
tulichokitoboa kwa sindano ya gunia.
Tukatafuta nyuma ya kalenda, chini ya cherehani,
ndani ya viatu vya baba ambavyo havivaliwi.
Honi ikalia mara mbili. Lori likaondoka
na viraka vyangu saba.

Sijamwona tangu siku hiyo.
Asubuhi nafagia mabawa ya kumbikumbi,
mabawa matupu.
Na kando ya jiwe ninalokandamizia turubai,
jiwe jeusi la kreta
ambalo saa tatu usiku bado lina joto kidogo,
Jerotich ameweka kizibo cha soda,
na maji ndani yake.